Maji ya Ukutani na Maji ya Skrini

Bwawani, 9 Januari

Dada yangu,

Shikamoo. Huku mimi ni mzima, kikohozi kimeniacha na paa la nyumba yangu limezibwa, ingawa fundi aliziba kwa hasira na sasa mlango haufungi. Goti la Mama vipi? Mwambie ile dawa ya kuchua aipake, asiitunze kabatini kama mahari ya mtu.

Barua hizi anazibeba dereva wa lori la mahitaji, yule tunayemwita Polepole, na jina amelitendea haki. Ukikaa muda bila kunisikia usidhani nimekuchoka. Huku bondeni simu haishiki, na redio ya ofisi ni ya kazi tu, tena kila kituo kinasikiliza.

Dada, ile kompyuta uliyotujengea inanitia wazimu. Unajua kazi yake: kihisi kimezama majini, kinatuma namba, na skrini inatuambia kina cha bwawa. Wakati wa kiangazi kihisi cha zamani kilikufa. Fundi akaja akafunga kipya, lakini kwa sababu ya tope alikiweka juu zaidi, mita moja na nusu juu ya pale cha kwanza kilipokuwa. Akaiambia kompyuta hivyo, akafuta mpangilio wa zamani, na skrini ikapatana na ile rula kubwa iliyochorwa kwa rangi kwenye ukuta wa bwawa. Tukapongezana.

Sasa kila jenereta ikizimika, tukiwasha tena, skrini inasema maji yamepungua mita moja na nusu. Nakwenda ukutani: maji yako palepale. Naingiza namba mpya, skrini inarudi kwenye akili yake. Jenereta ikizimika tena, ni yaleyale.

Shemeji anasema nakosea kuingiza. Nikaingiza mbele yake, tukazima, tukawasha, namba ya kale ikatutazama. Akakuna kichwa, akasema, "Basi usizime." Jenereta ile utaiambiaje isizime?

Najua tangu muachane hutaki atajwe. Lakini yeye ndiye mkuu wa bwawa na mimi ni opereta wake, siwezi kumruka kama dimbwi. Anakusalimia. Aliniambia niandike hivyo, nimeandika.

Mdogo wako


Nyumbani, 27 Januari

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako ilifika ikinuka dizeli, nikajua imesafiri na nani. Mama goti linampa taabu akipanda ngazi tu, akishuka anashuka kama msichana. Ile dawa anasema inanuka kama betri. Anapaka akidhani simwoni.

Tuje kwenye mashine. Hiyo kompyuta inatumia mfumo uitwao Linux, na mafaili yake niliyapanga kwa matabaka mawili. La chini limefungwa, haliandikiki kabisa. Humo mna mfumo wote kama ulivyokuwa siku niliyoukabidhi. Juu yake kuna tabaka la kuandikia, na hilo linakaa kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu ubavuni mwa boksi. Wewe unayaona yote mawili yamelaliana, kama kioo kilichowekwa juu ya picha. Ukibadilisha kitu, picha haiguswi; unapaka rangi kwenye kioo. Nilifanya hivyo ili umeme ukikatika katikati ya kazi, mfumo wenyewe usiharibike.

Kwa maelezo yako, nahisi mashine ikizimwa kioo kinaondoka na rangi zote, mnabaki na picha ya siku ile. Ndiyo maana inakumbuka kihisi cha zamani na haikijui kipya. Lakini kuhisi si kujua. Fanya haya:

Tengeneza faili dogo, liite *jaribu*, andika ndani neno lolote. Zima mashine kwa utaratibu, washa, tazama kama lipo. Kisha andika amri *df*, inayoorodhesha hifadhi zote za mashine, na unakili mstari wote wenye neno */juu*, herufi kwa herufi. Usikisie. Hata nukta ina maana yake.

Na kabla ya hayo yote: mpaka tujue, macho yako yawe ukutani. Rula ya rangi haihitaji umeme.

Salamu ulizoandika nimezisoma. Mengine tuyaache.

Dada yako


Bwawani, 15 Februari

Dada,

Shikamoo, na shikamoo nyingine kwa Mama. Mwambie nimejifunza kupika maharage bila kuyaunguza, ila jirani yangu mpimaji udongo anasema bado yanahitaji kesi mahakamani.

Faili *jaribu* halipo. Niliandika ndani yake jina langu la utotoni ili nisijidanganye. Nikazima, nikawasha. Hakuna kitu, kama vile sijazaliwa. Na mstari ulioutaka ni huu: mwanzo umeandikwa *tmpfs*, mwisho umeandikwa */juu*. Hapo kati kuna namba, nimezinakili kwenye kipande cha pembeni.

Wakati nanakili, barua yako ilikuwa mezani. Shemeji akapita, akasimama.

"Huu mwandiko naujua," akasema. "Herufi zake zimesimama kama askari."

Sikumpa asome. Akauliza, "Anasemaje?"

"Anasema kila tukizima, kioo kinaondoka."

"Kioo gani?"

Nikamweleza kama ulivyonieleza. Alisikiliza mpaka mwisho, Dada, hakunikata. Kisha akatoka. Nilipokuwa nafunga chumba cha mitambo akarudi, akasimama mlangoni, akasema, "Muulize kama inataka kadi mpya." Akaongeza, "Na msalimie."

Amekonda. Hujaniuliza, lakini nakwambia.

Wingu limeanza kukaa juu ya milima ya huko maji yanakotoka. Mvua ikija tutakuwa tunasoma maji kwa skrini inayodanganya, maana ukutani siwezi kuwa kila saa, na nikiwa huko nani anatazama mitambo?

Mdogo wako


Nyumbani, 2 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi tupo. Mama ameanza kwenda kwenye kwaya, eti sauti ya pili, ingawa tangu tuzaliwe hatujamsikia akiimba ya kwanza.

Neno *tmpfs* ndilo jibu. Maana yake tabaka la juu haliko kwenye kadi. Liko kwenye kumbukumbu ya muda ya mashine, ile inayoishi umeme ukiwepo tu. Kadi imechoka, mashine ikijaribu kuifungua inashindwa, basi inachukua kumbukumbu ya muda inaifanya kuwa kioo, inawaka, inatabasamu, na haisemi kitu. Unaandika, inapokea. Ukizima, vyote vimekwenda.

Utaniuliza kwa nini isiseme. Tulipokuwa tunaijenga nilitaka kadi ikishindwa mashine ikatae kuwaka na ipige kelele. Mkuu wako alikataa. Alisema bwawa haliwezi kukaa bila macho, bora iwake na lolote kuliko isiwake. Tulibishana ofisini, tukabishana njiani, tukabishana nyumbani mezani. Alikuwa na cheo, ikawa alivyotaka. Nakueleza ili uijue mashine, sio ili umpelekee.

Ndiyo, inataka kadi mpya. Nimempa Polepole, iko ndani ya soksi. Soksi nirudishie.

Zima mashine kwanza. Usiguse matabaka ikiwa inafanya kazi. Huko ni kubadilisha tairi gari likienda. Chomoa kadi ya zamani, iweke kwenye kompyuta ya ofisi. Inawezekana haiandikiki lakini bado inasomeka. Nakili vilivyomo kwenda kwenye mpya kwa amri *cp -a*, kama nilivyoiandika kwenye karatasi ya pili, neno kwa neno. Kisha kadi mpya uirudishe kwenye boksi, washa, rudia jaribio la faili.

Kula vizuri. Nikikuona umekonda na wewe, nitakuja huko na fimbo.

Dada yako


Bwawani, 21 Machi

Dada, shikamoo!

Soksi hii hapa, imefuliwa.

Faili *jaribu* lipo! Nimezima mara tatu, nikawasha mara tatu, lipo. Mstari wa */juu* sasa unaonyesha kadi. Nilipiga kelele mpaka mpimaji udongo akaja mbio akidhani nimeona nyoka.

Sasa sikiliza ubaya. Skrini bado inasema uongo uleule, mita moja na nusu chini ya ukuta. Nikitaka kuingiza namba upya, inanijibu kwamba namba hiyo ipo tayari. Ipo, kweli, nimefungua nikaiona. Lakini haitumii.

Kazi ya kunakili sikuifanya kwa amri yako. Karani wa ofisi hana ruhusa ya kunifungulia pale pa kuandikia amri, na mwenye ruhusa yuko likizo. Nikaburuta mafaili kwa kipanya. Kuna vitu viwili vitatu vilikataa, kompyuta ikaniuliza niruke, nikaruka. Vingine vyote vilipita.

Mvua imekuja kwa miguu yote miwili. Nilimwomba Shemeji tufungue malango kidogo kwa kufuata ukuta. Akasema hapana. Unakumbuka, au labda hukuwepo, mwaka ule walifungua kwa kusoma ukuta kwenye mawimbi, wakasoma vibaya, mashamba ya chini yakazama na kiangazi chote mji ukakaa bila maji. Aliitwa makao makuu akasimamishwa mbele ya watu kama mwanafunzi. Tangu hapo amri ni moja: malango hufunguliwa kwa namba ya skrini.

"Lakini skrini ni mbovu," nikamwambia.

"Juzi ulisema mmeitengeneza."

Ni kweli nilisema, tena kwa kelele.

Anakusalimia.

Mdogo wako


Nyumbani, 6 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu fupi leo, nisamehe. Tuko salama. Barua yako ya Machi imefika jana, na nimeambiwa daraja la kwenu linapita lori moja moja. Nikakaa nayo mezani mpaka chai ikapoa.

Vile vilivyokataa kunakiliwa ndivyo vyenyewe.

Tabaka la chini limefungwa, nilikwambia. Basi fundi alipofuta mpangilio wa kihisi cha zamani, hakuufuta. Haufutiki. Linux ilichofanya ni kuweka kiraka kwenye tabaka la juu, alama inayosema: hapa pana kitu, lakini usikionyeshe. Kiraka hicho si faili la kawaida, hakina maandishi ndani, na ukiburuta kwa kipanya hakiburutiki. Amri niliyokuandikia ingekibeba. Kwa hiyo kadi mpya ina namba mpya, lakini haina kiraka, na mpangilio wa zamani umechungulia tena kutoka chini.

Sasa yapo mawili, *kihisi_mpya* na *kihisi_zamani*. Programu inayasoma kwa mpangilio wa alfabeti, na la mwisho ndilo linaloshinda. M inatangulia, Z inafuata. Zamani ulipoingiza namba, programu yenyewe ilikuwa inalificha la zamani; sasa inaona namba ipo tayari, hailifichi, na haikutumii yako.

Fungua folda ya mipangilio, utayaona yote mawili. Futa *kihisi_zamani*. Linux itaweka kiraka kipya, na safari hii kitakaa kwenye kadi. Zima, washa, linganisha na ukuta. Ni kazi ndogo kuliko kumenya kitunguu, na hilo ndilo linaloniuma.

Kama maji yamefika ule mstari mwekundu wa hatari kwenye rula kabla hujasoma haya, usiingoje skrini.

Barua hii itachelewa, najua. Kesho nakwenda makao makuu kuomba redio. Watamwita yeye, maana ndiye mkuu. Sijasikia sauti yake tangu aliponiaga mlangoni akihamia huko, nami nikabaki. Lakini mto hauna habari na hayo.

Dada yako


Bwawani, 20 Aprili

Dada,

Shikamoo. Niko hai na sijaumia. Naanza na hilo ili usisome barua hii ukiruka mistari.

Barua yako ya tarehe sita imefika leo, imelowa, kurasa zimeshikana. Nimeitenganisha kwa mvuke wa birika.

Tarehe saba, mchana, mvua ilikuwa kubwa juu milimani na huku kwetu manyunyu tu. Skrini ilisema tuna nafasi ya kutosha. Nilirudi kutoka ukutani nikiwa nimeona maji yanalamba mstari mwekundu. Nikamwambia Shemeji. Akatazama skrini, akanitazama mimi, akashika meza kwa mikono miwili. Hapo redio ikaita.

Kwanza ilikuwa sauti ya karani wa makao makuu. Kisha ikaja yako. Radi ilikuwa inakula maneno. Tulichosikia ni "zamani", halafu mikwaruzo, halafu "ukutani", halafu "msiamini". Kisha ikakatika, Shemeji akaita na kuita, hakuna jibu.

Alibaki ameshika kile kipaza sauti.

"Huyo ni Dada yako," akasema.

"Ndiyo."

"Hajaniita tangu nije huku." Akakiweka chini taratibu, kama kikombe kilichojaa. "Hawezi kuniita kwa jambo dogo. Vaa buti, twende ukutani."

Tulipofika mstari mwekundu haukuonekana tena. Alichuchumaa, akasoma, akafuta mvua usoni, akasoma tena. Hakusema niko sahihi wala hakusema kakosea. Alisema, "Piga king'ora. Usikiachie mpaka nikwambie."

Malango mawili yalifunguka kwa mota. La tatu mota iliungua, likafunguliwa kwa mkono. Maji yalitoka kwa kishindo, ardhi yote ikawa inatetemeka, nikasikia mpaka kwenye meno. Ukuta umeshika, Dada. Ungepasuka, nisingekuwa na karatasi ya kukuandikia.

Huko chini watu walisikia king'ora wakapanda mlimani. Tanuru la matofali limekwenda, na nyumba zilizokuwa karibu na mto. Amekufa mtu mmoja, mfyatua matofali, mzee. Alikuwa ameshapanda na wenzake, akarudi kumfungua punda wake. Punda kaonekana ng'ambo, mzima. Mzee walimpata baada ya maji kushuka. Nilikwenda kwenye mazishi. Mke wake aliniuliza, "Kwa nini hamkupiga mapema?" Nilifungua mdomo nikaufunga.

Leo nimefuta *kihisi_zamani*. Nimezima, nimewasha. Skrini na ukuta vinasema namba moja. Imechukua muda wa kunywa maji.

Tume imefika, wanauliza kila mtu. Kadi ya zamani wameichukua. Mwambie Mama mimi sijambo.

Mdogo wako


Nyumbani, 4 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama amesoma barua yako, akaikunja, akaiweka ndani ya kanga yake, akaenda kulala bila kula. Leo kaamka vizuri. Anasema ukija atakupikia mwenyewe, goti liseme litakavyosema.

Yule mjane hukumjibu, na mimi pia ningefunga mdomo. Tume wameniita. Nitakwenda, nitawaeleza matabaka yote, la juu na la chini, na kila aliyeamua nini. Sitamwongezea mtu wala sitampunguzia.

Lakini kuna kitu nataka unijibu wewe.

Mimi ndiye niliyekufundisha kuandika, kwa mkaa kwenye sakafu ya jikoni. Ulipovunja sufuria ya Mama uliandika "sufuria imevunjwa". Ulipopoteza viatu, "viatu vimepotezwa". Sasa umeniandikia kwamba lango la tatu "likafunguliwa kwa mkono". Mkono wa nani?

Na barua zako zote huwa zinafika na salamu zake. Sikuzijibu hata moja, ila nilikuwa nazisoma. Hii haina.

Niambie.

Dada yako


Bwawani, 18 Mei

Dada,

Shikamoo. Umenikamata.

Lango la tatu alilifungua yeye. Gurudumu lile ni la watu wawili, lakini mimi nilikuwa kwenye king'ora na wengine walikuwa ng'ambo ya daraja. Nilikuwa namwona kutoka dirishani. Alilizungusha, likagoma, akaliegemea kwa mgongo, likaenda. Akalifungua mpaka mwisho, Dada. Kisha mnyororo ukakatika, gurudumu likarudi kwa nguvu likampiga, akaanguka kutoka jukwaani kwenye saruji. Niliona nikiwa nimeshika kitufe cha king'ora, na alikuwa ameniambia nisikiachie mpaka aniambie. Sikukiachia. Nilikibana nikilia, yeye amelala kule chini mvua inamnyeshea, mpaka watu walipofika.

Amevunjika nyonga na bega. Helikopta ilikuja kumchukua asubuhi yake. Hayuko hospitali ya wilaya. Wamempeleka huko kwenu, ile hospitali kubwa unayoipita ukienda kazini. Yuko wodi ya wanaume ya ghorofa ya pili tangu tarehe nane ya mwezi uliopita.

Wakati wanamfunga kwenye machela alinishika mkono wa koti. "Dada yako asijue," akasema. "Nimekataa maneno yake yote alipokuwa sawa, sasa asije kuniona kwa huruma. Apa." Nikaapa. Ungefanya nini? Mtu ana rangi ya jivu, anakwambia uape.

Leo nimevunja kiapo, na Mungu ananiona. Fanya unavyotaka. Usipokwenda sitakulaumu. Ukienda, usimwambie kwamba nililia.

Mdogo wako


Nyumbani, 29 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, nikatoka na ndala.

Nimepita mbele ya hospitali ile kila siku ya kazi, kwenda na kurudi, na yeye yuko juu pale. Nilipanda ngazi nikijiambia nitasema hivi, nitasema vile. Nikafika mlangoni mwa wodi, nikatafuta kitanda kwa kitanda, na mtu wa kwanza niliyemwona ni Mama. Amekaa kwenye stuli, anamenya chungwa.

Kwaya! Machi alikuwa anaimba kweli, lakini mwezi huu mzima na zaidi ananiaga anakwenda kwaya asikokwenda. Kumbe hospitali walipomwuliza mgonjwa ndugu yake wa karibu ni nani, alitoa namba ya mama mkwe wake. Ananitazama usoni, anasema, "Umechelewa. Shika hiki kisu, mimi naenda kunyoosha goti." Akatoka, akaniacha na nusu chungwa.

Basi nikamenya. Yeye alikuwa ananitazama. Amekwisha, mdogo wangu. Mkono mmoja umefungwa kifuani, mguu umening'inizwa kwa vyuma. Nywele zimekuwa nyeupe pembeni. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, na hasira ikakosa pa kukaa.

Alianza yeye. "Ilikuwa nini?"

"Kiraka," nikasema. "Kadi mpya haikubeba kiraka cha faili lililofutwa. La zamani likachungulia."

Akafumba macho akafikiri. "Na ya kwanza kabisa? Kabla ya kadi?"

"Kadi ilishindwa, mashine ikawaka bila kusema."

Muuguzi akaja, akapima, akaenda.

"Ulitaka ipige kelele," akasema.

"Nilitaka."

"Nami nikasema iwake tu." Alikuwa anatazama dari. "Yule mzee wa punda, nimemwambia mwenyekiti wa tume aandike jina langu. Asiandike la mdogo wako. Wala lako."

Nilimwambia tume wataandika yaliyotokea, si anayoyataka yeye, na hapo tukaanza kubishana, mdogo wangu, kwa sauti, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akajifunika shuka. Tulibishana kama mashine itengenezwe upya ikatae kuwaka, au iwake lakini iweke onyo jekundu skrini nzima. Nilimwambia yote mawili hayatoshi kama hakuna mtu aliyeamriwa kwenda ukutani asubuhi na jioni. Akasema hilo liandikwe. Nikaandika, kwa sababu yeye mkono hana. Karatasi ninayo, nitaipeleka kwenye tume kesho kutwa, sahihi yake imekaa kama kuku kapita kwenye wino.

Usiku niliporudi nilimfikiria yule mjane. Karatasi haitamrudishia mtu wake. Ukipata nafasi, nenda tena kwake. Usiende na majibu, nenda ukamsaidie kuteka maji.

Daktari anasema huenda hatatembea bila fimbo, na atakuwa kitandani mpaka Agosti kama si zaidi. Hatujazungumza habari zetu hata neno moja. Nilipoaga nilimwambia nitakuja kesho. Hakuniuliza kwa nini, na ilikuwa heri.

Miwani ya shemeji yako mpe Polepole aniletee. Anasema iko kwenye droo ya meza ya chumba cha mitambo, chini ya bisibisi. Ataletewa ripoti ya tume aisome, na mimi sina nia ya kumsomea kila ukurasa huku ananikatiza.

Dada yako